Mashine za Stamili na Gari la Isongole

Siku ile Stamili hakutulia hata kidogo. Mimi Teresia, wa mapokezi, nilimwekea chai mbele yake ikapoa, nikamwekea nyingine, nayo ikapoa. Mdogo wake Irene alikuwa na mimba iliyotimia huko Isongole, mume yuko kwenye migodi ya Zambia, mama yao alishafariki, na tangu jana yake kiuno kilikuwa kinamkata. Stamili alimwahidi kwenye simu kwamba atafika na gari la saa tano. Ni hilo hilo moja kwa siku, likiondoka limeondoka.

Sasa kumwomba ruhusa Mzee Severini, jamani! Ndiye mwenye ofisi yetu ya uwakala wa forodha hapa Tunduma. Mwaka huo, 2014, alikuwa amenunua seva, kompyuta moja kubwa ambayo ndani yake unaunda kompyuta nyingine zisizoshikika kwa mkono, kila karani akafungua yake. Nzuri sana. Tabu ni kwamba kila unayoiunda inakuja tupu. Lazima uiwekee programu, na ile inayozileta programu haina aibu ya kuuliza: unakubali? Niendelee? Una hakika? Stamili ndiye alikuwa anakaa pale kutwa nzima akibonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka macho yanamwiva.

"Zikiweza kujiwekea zenyewe, utakwenda," Mzee alimwambia. "Makarani wapya wanaanza leo mchana. Sitaki kuachiwa masanduku matupu."

Ala! Mtu ana mgonjwa nyumbani, wewe unampa masharti! Ningekuwa mimi tungesikiana. Lakini Stamili si mtu wa kujibizana. Wiki nzima iliyotangulia alikuwa ameandika maagizo ambayo mashine mpya ikiwaka tu inayasoma yenyewe, inachukua programu zake, inajijibu maswali yake, inamaliza. Programu zenyewe alizikusanya kwenye laptop, maana mtandao wetu ni wa kubahatisha, na asubuhi ile akazitia muhuri wa siri ili mashine zijue hazikuchezewa na mtu. Akawasha seva, akairekebisha saa, akaanzisha.

Zikagoma. Zote.

Akaanza upya, zikagoma. Akatengeneza muhuri mwingine, zikaukataa huo pia. Nilimwona jasho linamtoka na asubuhi ya Tunduma ina baridi yake. Simu ikaita, akaongea Kindali, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, akaikata.

"Zilazimishe bwana," Mzee alisema akiwa mlangoni. "Si unaweza kuziambia ziuache huo muhuri?"

"Naweza, mzee. Lakini zikizoea kupokea kitu kisicho na muhuri, siku moja zitapokea cha mwizi."

Mzee akaguna, akarudi chumbani kwake. Mimi roho ilikuwa juu juu. Nilitamani amtii tu, aende zake. Mara nikamwona ameinua macho ukutani, hapepesi.

"Dada Tere, saa niliyoiwekea seva nimeitoa pale."

Saa yetu ya ukutani ni ya Zambia. Wateja wengi wanatoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na kwao saa iko nyuma yetu kwa saa moja, basi Mzee akaamua iwe ya kwao. Sisi tumezoea, tunaongeza moja kichwani bila hata kufikiri. Siku ile kichwa cha Stamili kilikuwa Isongole, hakuongeza. Laptop yake ilikuwa na saa ya kwetu, kwa hiyo mashine ziliona muhuri uliogongwa saa ambayo bado haijafika. Wewe ungeipokea barua iliyoandikwa kesho?

Akairekebisha saa ya seva. Weee! Zikaanza kujipanga moja baada ya nyingine, maandishi yanateremka, hakuna aliyegusa kitu. Nikapiga makofi. Yeye hakucheka.

"Sasa hivi ni saa ngapi?"

Ukutani ilikuwa saa nne na robo. Akatazama simu yake, nayo ilikuwa imenasa mtandao wa Zambia, inasema vile vile. Nikaongeza moja kichwani: saa tano na robo.

Alichomoka na mkoba wazi. Alipanda bodaboda hadi njia panda ya Mpemba, inakoingia barabara ya Isongole, akiomba gari liwe bado linapakia. Baada ya muda akanipigia. "Limepita," alisema, na kilichofuata kilikuwa kilio tu.

Niliingia kwa Mzee bila hodi.

"Mzee, mashine zako zinajihudumia zenyewe. Yule binti wa Isongole hawezi kujizalisha mwenyewe!"

Alinitazama, nikajua leo nafukuzwa. Akachukua funguo za pikapu. Alimpitia Stamili pale Mpemba, wakaenda vumbi tupu.

Walimkuta Irene sakafuni. Majirani walikuwa wameleta pikipiki ya kumpeleka hospitali ya Itumba tangu mapema, akakataa kupanda. Aliwaambia dada yake yuko njiani, anakuja na gari la saa tano. Mzee Severini mwenyewe alimbeba mikononi hadi kwenye pikapu, wakamkimbiza Itumba.

Irene alipona. Mtoto hakulia.

Irene alipopata fahamu pale hospitali alimtafuta dada yake kwa macho, akamwuliza, "Dada, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kazini," Stamili akamjibu, na Mzee Severini akatoka nje.