Brokoli Zinataka Kipupwe

Nyuma ya chumba tulichopanga Mayfair, huku Sauzi, palikuwa na ukanda wa udongo, hatua sita kwa mbili. Mwanangu wa miaka minne alikuwa akichimba pale, na pale tu, maana nje ya geti madereva hawaoni mtoto. Siku moja mwenye nyumba, mzee wa Kizanzibari aliyekaa Sauzi miaka mingi kuliko umri wangu, akaja akasimama pale.

"Binti, hapa namwaga zege. Nataka pa kulaza gari."

"Mzee, nimeshaanza bustani." Uongo mtupu. Hata jembe sikuwa nalo.

"Bustani hapa? Unadhani uko Muheza? Haya. Mwaka ukiisha sijaona chakula, zege."

Nikampigia dada yangu. Yeye yuko Uskoti, analima nyuma ya nyumba yake, na kila siku ananitumia picha za brokoli kama ndiye aliyeziumba. "Panda mwezi wa saba," akasema. "Zinataka kipupwe, mdogo wangu. Joto linaziharibu."

Mwezi wa saba! Kipupwe! Kwetu Tanga ni kitu kimoja, na hapa mwezi huohuo vidole vinakufa ganzi kwenye bomba. Kila kitu kilikubaliana. Nikaotesha mbegu kwenye trei za mayai dirishani. Miche ilipofika majani matano nikaihamishia nje, hatua moja kati ya mche na mche. Viwavi nikawatoa kwa mkono, vidukari nikawanyunyizia maji ya sabuni. Mtoto akipita anasema, "Mama, izihlahla!" Miti, kwa Kizulu chake cha shuleni. Kiswahili changu anakisikia, anajibu anavyotaka.

Mwezi wa kumi jua likawaka. Vichwa vikatoka vidogo kama kifungo cha koti, na kabla sijachukua kisu vikafumuka maua ya njano. Vyote. Nilisimama pale nikitukana, mikono kiunoni.

Jirani yangu, mama wa Lubumbashi anayesuka nywele, akachungulia juu ya ukuta, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, nani alikuambia upande wakati baridi inaisha?"

"Dada yangu. Yuko Ulaya."

"Na baridi ya Ulaya inakuja mwezi gani?"

Nikahesabu kwa vidole. Inaanza mwezi wa kumi. Dada yangu hakusema nipande kwenye kipupwe. Alimaanisha zikomae kwenye kipupwe, chake, cha huko. Mimi nilipanda changu kikiwa kinafunga virago.

"Kwetu shu, kabichi na ndugu zake, tunapanda mvula ikikaribia kuisha," akasema. "Baridi inakuta imeshakuwa kubwa. Hapa, panda mwezi wa pili."

Mwezi wa pili! Mzee hakunipa mwezi wa pili. Mwaka ulipoisha nilimwonyesha majani, nikamwambia yanapikwa kama sukuma. Akaangalia maua. "Umelima mapambo, mwanangu." Wiki hiyohiyo zege likamwagwa. Mtoto alilia kwa lugha zake zote.

Lakini nilikuwa nimeshawatangulia. Asubuhi ile, kabla mafundi hawajafika, nilichota udongo wote niliouweza nikajaza ndoo kumi na moja za rangi, mwanangu akinisaidia kwa kijiko. Nikazipanga kandokando ya ukuta. Mwezi wa pili nikaotesha mbegu, mwishoni mwa mwezi wa tatu nikahamishia ndooni. Sikumpigia dada yangu.

Mwezi wa sita, asubuhi, barafu nyembamba ilikuwa imekaa juu ya majani, na katikati kichwa cha kijani, kimefumba, kikubwa kuliko ngumi mbili za mwanangu. Nilikikata pamoja na kipande cha shina. Shina lililobaki nikaliacha, litatoa vingine vidogo pembeni. Mwanangu alishachukua kijiko chake, anachimba kwenye ndoo ya mwisho.

Mzee alikuwa akitoa gari lake kinyumenyume, polepole, asigonge ndoo zangu. Akashusha kioo.

"Hicho nini?"

"Chakula," nikamwambia, nikaingia ndani kukipika.