Nilivyomuuzia Mama Kiangazi

Mama yangu alikuja kututembelea kutoka Njombe mwishoni mwa Januari, na ofisa wa uwanja wa ndege akamgongea ruhusa ya miezi sita. Tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya mwanzoni mwa Mei, lakini ya aina inayobadilika. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Nyumba ya Njombe, iliyojengwa kwa matumaini ya wajukuu wengi, ilikuwa imebaki na mtu mmoja na redio. Nilitaka akae nasi hadi Julai. Kusema kweli nilitaka akae zaidi ya hapo, lakini Julai ingetosha kwa kuanzia.

Sikumwambia hivyo. Kwetu mtu mzima hamwambii mama yake "nakuomba ubaki". Anamwambia kuna ndizi zitaiva wiki ijayo. Kwa hiyo nikamuuliza, kama mtu anayeulizia habari za jirani, iwapo tuisogeze mbele ile tiketi. Alikuwa amesimama dirishani, anaangalia maegesho ya magari ya hapa kwetu Adelphi, Maryland, ambako theluji ilikuwa imegeuka matope.

"Tutaangalia hali ya hewa, baba," akasema.

Nikaelewa. Yaani nilidhani nimeelewa, jambo ambalo limeniponza maishani kuliko kutoelewa kabisa. Mwanamke mzee kutoka Tanzania, dirisha, theluji: nani angehitaji maelezo zaidi? Nikaamua kwamba kazi yangu ni kumfikisha mama kwenye joto kabla baridi haijamkatisha tamaa. Tangu siku hiyo nikawa wakala wa kiangazi.

Ubaya ni kwamba bidhaa yenyewe ilikuwa haijafika dukani. Machi ya huku haijui inataka nini. Siku ya kwanza ya jua nilimtoa mama nje kama bibi harusi, tukatembea taratibu hadi barabara kubwa, wanafunzi wa chuo kikuu cha College Park wakitupita na kaptura zao na ndara. "Unaona?" nikamwambia. "Baridi ndiyo imekwisha hiyo." Kesho yake asubuhi kioo cha gari langu kilikuwa kimeganda barafu, nami nilikuwa nakikwangua kwa kadi ya maktaba, kwa sababu kikwanguo nilikwisha kukipeleka stoo. Mama aliniona kutoka dirishani. Akanipungia mkono.

Wiki zilizofuata zilikwenda hivyo hivyo. Niliondoka nyumbani na koti nikarudi nimelibeba begani. Niliondoka bila koti nikarudi mbio. Miti ilichanua maua mekundu, yakapigwa na theluji nyepesi, na baada ya chakula cha mchana nyuki wakawa juu yake.

"Hii nchi ina malaria," mama akatoa uamuzi. "Asubuhi inatetemeka, mchana inachemka, jioni inatoka jasho. Hawajaipa dawa?"

"Bado kidogo tu, Mama. Mwezi wa sita, wa saba, joto linatulia."

"Mwezi wa saba?"

"Ndiyo."

"Mwezi wa saba ndiyo baridi."

Kwa wasioijua Njombe, hapa lazima niseme neno. Watu wa Dar wakitajiwa Njombe hujikunja mabega. Mwezi wa sita na wa saba umande huganda juu ya majani ya viazi na kuyaunguza, watu huenda sokoni na makoti ya mitumba yaliyoshonwa kwa ajili ya Ulaya, na chai hupoa kabla hujamaliza kuikoroga. Mama ameona Julai zaidi ya sabini na zote zilikuwa za baridi. Mpangilio anaoujua ni rahisi: mvua inamalizikia Aprili, kisha baridi inaingia. Sasa Aprili ya huku ilianza, na mvua ikaanza nayo, ile ya kunyesha mfululizo bila kupumua. Mama akaitazama, akaridhika. Kila kitu kilikuwa kinafuata ratiba.

Nilijaribu sayansi. Nina shahada mbili, ingawa hakuna hata moja inayohusika. Jioni moja baada ya chakula nilichoma chungwa kwa kijiti cha mishikaki, nikaweka taa katikati ya meza, nikaanza kuizunguka na chungwa mkononi.

"Hii ni dunia. Imeinama upande, hivi. Taa ni jua. Sisi tuko huku juu. Njombe iko hapa chini."

"Mbona umetuweka chini?"

"Si kwa ubaya, Mama. Ramani ndivyo ilivyo."

"Haya, endelea."

"Sasa mwezi wa saba, huku juu kunalielekea jua. Kule kwenu kunaligeuzia mgongo. Kwa hiyo…" Nilikuwa nimefika upande wa pili wa meza, karibu na friji, na nilipoangalia mkononi niliona kwamba ni Njombe ndiyo iliyokuwa inaikodolea macho taa. Nikalipindua chungwa. Mambo yakawa mabaya zaidi. Kwa dakika nzima mimi mwenyewe sikujua kama Julai ipo.

Binti yangu, msichana wa sekondari anayeelewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, aliinua macho kutoka kwenye simu akasema kwa Kiingereza chake cha Maryland kwamba kijiti hakitakiwi kugeuzwa, unatembea tu, kijiti unakiacha kilivyoinama.

"Kasemaje?" mama akauliza.

"Kasema nimepatia."

"Basi lete hilo chungwa kabla hujaliharibu." Akalimenya, akatugawia vipande.

Kilichonivunja nguvu zaidi kilikuwa chumba cha kufulia nguo. Kiko chini ya jengo letu, na huko mama alipata rafiki, jirani wa ghorofa ya pili, mama mmoja kutoka Lubumbashi aliyefika hapa Oktoba na ambaye hakuwa amewahi kuona kiangazi cha huku. Nako Lubumbashi, kwa bahati mbaya yangu, Juni na Julai ni baridi. Niliposhuka na kapu la nguo niliwakuta wameketi mbele ya mashine inayozunguka, wanathibitishiana.

"Maman, ni vile," jirani alikuwa anasema. "Mwezi wa sita, wa saba, kule kwetu baridi inakamata mpaka mu mifupa. Na huku kwa Wazungu je? Si itatumaliza!"

"Huyu hapa anasema kutakuwa na joto," mama akanionyesha kwa kidevu.

Jirani akanitazama kwa huruma. "Bon. Papa amesoma sana," akasema.

Lakini asubuhi moja ya mvua, katikati ya Aprili, mama akaweka kikombe mezani akasema, "Isogeze hiyo tiketi. Weka mwishoni mwa mwezi wa saba." Niliisogeza kabla chai haijapoa. Nilizunguka nyumba nikijipongeza. Maneno yangu yalikuwa yameingia, nikajiambia. Hata lile chungwa halikuwa bure.

Siku chache baadaye dada mmoja wa kanisani kwetu akatangaza kwamba anakwenda nyumbani. Hapa mtu akitangaza safari, begi lake linaacha kuwa lake: huyu ana viatu vya mpwa, yule vitamini za baba mkwe, mwingine anaomba tu nafasi ya simu moja ndogo, na simu ndogo inafika na boksi la televisheni. Mama naye alipeleka furushi. Nilipokuwa nalipakia garini fundo likalegea, nikaona ndani: magauni yake yote mepesi, blauzi za mikono mifupi, ndara, kanga. Chumbani alikuwa amebakiza makoti, masweta na soksi za sufu.

Nikachanganyikiwa kabisa. Mtu aliyekubali kukaa anapelekaje mizigo nyumbani? Mke wangu, Mkenya wa Nakuru na nesi wa zamu za usiku, alifungua jicho moja nilipomwamsha mchana kumweleza.

"Si umuulize?"

"Nitaonekana namfukuza."

"Ama utaonekana unamtaka." Akafunga jicho. "Nyinyi Watanzania mtakufa na adabu zenu."

Sikumuuliza. Nilijiambia kwamba mama anajiandaa kuondoka kimyakimya, na kwamba dawa ni moja: kuongeza juhudi za mauzo. Kila asubuhi nikawa namsomea utabiri wa hali ya hewa kama mtu anayesoma Injili, nikiruka mistari ya baridi.

Kisha, katikati ya Mei, joto likafika. Halikuja polepole, lilikuwa kama mtu amefungua mlango wa jiko la kuokea. Jumamosi hiyo Watanzania wa kanisani walikuwa wanampongeza binti mmoja aliyehitimu chuo, nyama choma kwenye bustani ya umma kule Laurel, kando ya ziwa. Hewa ilikuwa nzito, majani hayatikisiki. Mama alikuwa na gauni la kitenge la mikono mirefu, na juu yake sweta, kwa kuwa hakuwa na kingine. Nilimkalisha kivulini, nikamletea soda, nikasimama mbele yake na furaha ya nabii ambaye hatimaye amepatia.

"Umeona sasa?"

Alikuwa amelivua sweta na kulilaza mapajani kama mtoto. "Hivi ndivyo kutakavyokuwa?"

"Hivi?" Nikacheka. "Haya ni manyunyu tu, Mama. Ngoja Julai. Julai hapa ni Dar es Salaam tupu. Tena Dar wana upepo wa bahari. Hapa hata usiku hakupoi."

Mzee mmoja wa Tanga aliyekuwa anageuza mishikaki akanisaidia bila kuombwa. "Kweli tupu, dada yangu. Mie mwaka juzi nililala chooni, kwenye vigae. Mke wangu akadhani tumegombana."

Watu wakacheka. Mama akaitikia kwa kichwa. Nyama hakula.

Tulikuwa barabarani kurudi nyumbani alipofungua mdomo. "Nitafutie tiketi ya karibu, baba."

"Lakini Mama, si umeona? Baridi imekwisha!"

"Nimeona. Siku zote nilidhani unanidanganya ili nisiogope kukaa. Kumbe ulikuwa unasema kweli." Akalikunja lile sweta mapajani. "Mimi hiyo baridi ndiyo niliyokuwa naisubiri. Nikasema, kama mwezi wa saba wa huku nao ni wa baridi, basi nitauweza, nitakaa kama niko kwangu. Yale magauni nimeyarudisha kwa sababu niliona hayana kazi. Joto silitaki. Joto kwangu ni ile wodi."

Hakutaja ni wodi gani. Baba alilazwa Dar es Salaam Februari nzima, na Februari ya Dar haina huruma na mtu wa Njombe, mzima au mgonjwa. Mimi nilifika mwishoni. Ninachokumbuka ni madaktari na maneno yao ya Kilatini. Mama alikuwa amekaa pale mwezi mzima akimpepea kwa kipande cha boksi. Nilipitiliza njia ya kutokea kwenda kwetu, nikajikuta naelekea mjini, sijui kwa nini.

Jioni ile nilianza kuuza upya, safari hii bidhaa ya kinyume. Nikamwambia nimetia chumvi. Nikamwambia kuna kiyoyozi, chumba chake tutakifanya kipoe kama Makambako na upepo wake.

"Nikae ndani ya friji kama samaki?"

Na Jumatatu, kwa kuwa majira haya hayana aibu, baridi ikarudi. Nilipoona mvuke ukinitoka mdomoni nje ya mlango nilirudi ndani mbio, nikagonga chumbani kwake. "Mama! Umeona? Baridi hiyo!"

Alikuwa ameketi kitandani anavaa soksi. Akaniangalia kwa muda mrefu, jinsi unavyomwangalia mchuuzi aliyekuja na sufuria asubuhi na mchana anakuja na Biblia.

"Baba, hivi wewe unauza nini hasa?"

Ndipo nikasema. Nilisema vibaya, nimesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, kwamba sitaki arudi kwenye nyumba ile peke yake.

"Ungesema hivyo Februari."

"Ningesema, ungekaa?"

"Ningekwambia hapana, mapema, tusingesumbuana na machungwa." Akamaliza kuvuta soksi. "Nyumba ile siiogopi. Nimeizoea na yeye yumo, nitaizoea na yeye hayumo. Lakini kule kuna baridi yangu. Hilo sikujua kama nalihitaji mpaka uliponikalisha kwenye lile joto lako."

Nikaisogeza tiketi tena, safari hii nyuma. Aliondoka mwishoni mwa Mei na kila sweta alilokuwa nalo.

Na hapo, bila shaka, hali ya hewa ikafanya ilivyotaka. Juni iliingia na ubaridi mtamu wa ajabu, mvua nyepesi, upepo, siku baada ya siku. Jirani wa Lubumbashi alinikuta ngazini amejifunga shali. "Papa, ile joto yako iko wapi?" Nikamwambia inakuja. Sikuwa na hakika hata mimi.

Jumapili mama alipiga simu. Nilikuwa sebuleni nimevaa sweta, binti yangu amejikunja kwenye kochi chini ya blanketi, dirisha wazi, na hewa inayoingia ilikuwa safi kama ya milimani.

"Huko vipi?" akauliza. "Joto limeanza?"

Nikaangalia nje. Mtu alikuwa anapita na mbwa, amefunga zipu ya koti hadi kidevuni.

"Limeanza, Mama," nikasema. "Halisemeki. Hatulali."

Binti yangu akaacha simu yake akanitolea macho. Nikaweka kidole mdomoni.

"Poleni sana," mama akasema, na nilisikia kwamba amefurahi, na nyuma yake mkaa ukipasuka kwenye jiko. "Mimi hapa nimevaa makoti mawili. Unywe maji mengi, baba. Na mchana usitoke nje."

"Sitatoka," nikamwambia.