Milango Kumi na Tisa Bustanini

Milango kumi na tisa ililetwa na malori mawili, ikasimamishwa kwenye nyasi za bustani ya manispaa bila ukuta wala paa. Msanii aliyeileta, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa ameikusanya kwenye mtaa uliobomolewa kupisha barabara. Alitaka watu waifungue na kupita wapendavyo. Lakini mingi ilikuwa imegoma: vitasa vimeshika kutu, bawaba zimepinda. Akaulizia fundi, akaelekezwa kwenye kibanda kilicho nyuma ya posta, kwa mtu ambaye kila mmoja alimwita Mzee Kitasa.

Mzee Kitasa alikuwa na miaka sitini na minne. Alifiwa na mkewe zamani, na sasa aliishi peke yake chumba kimoja, ghorofa ya tatu. Alipika chakula cha siku mbili akakila siku tatu. Simu yake ililia kwa sababu ya watu waliojifungia nje tu. Wakishaingia ndani, walimsahau mpaka wapoteze ufunguo tena.

"Mimi nimezoea milango yenye nyumba," alimwambia msanii. "Hii ukibisha hodi, nani ataitikia?"

"Hakuna," msanii akacheka. "Ndiyo maana nataka ifunguke bila hodi."

Alifanya kazi siku mbili, ameketi juu ya debe, chupa ya mafuta ya mashine mfukoni. Siku ya pili alasiri msanii akamwita kwenye mlango wa kijani.

"Hiki kitasa kimefungwa chini mno, mzee. Fundi wake alikosea vipimo."

Mzee Kitasa alikuja, akainama, akapitisha kidole pembeni mwa kitasa.

"Hakukosea," alisema. "Alikuwa na mtoto mdogo. Alitaka mtoto akifikie."

Msanii alimtazama, akaelewa nusu yake, akamwacha.

Ulikuwa mlango wa Mzee Kitasa mwenyewe, wa nyumba yake ya zamani. Aliutia kitasa kile binti yake akiwa na miaka minne, mama mtu akiwa bado hai. Binti alikua, akawa anamsaidia kibandani, na vidole vyake vilisikia pini za kitasa vizuri kuliko vya baba. Alipofika miaka ishirini na mbili akampenda kijana mpiga gitaa wa bendi. Baba akasema mpiga gitaa hana kwao. Binti akasema kwao ni alipo yeye, akachukua begi, akaondoka. Baba, kwa hasira, akatoa silinda ya kitasa, kile kipande kinachopokea ufunguo, akaweka mpya.

Moyoni alikuwa amepiga hesabu yake. Binti angerudi, ufunguo ungekataa, angetembea dakika tano mpaka kibandani kuomba msamaha, na yeye angempa ufunguo mpya palepale. Tayari alikuwa ameuchonga.

Siku ya tisa, jirani wa chini alimsimamisha ngazini. "Mwanao alikuja mchana. Amehangaika na huo mlango wee, kisha akakaa hapo kwenye ngazi mpaka jua likahama. Nikamwambia aje kwangu asubiri, akasema hapana, mama, nimeshaelewa."

Kibandani hakufika. Miaka minane ikapita. Husemwa majuto ni mjukuu. Mzee Kitasa hakujua hata kama mjukuu anaye, lakini majuto aliyalea mwenyewe. Mtaa ulipowekewa alama za kubomolewa, alihama, na hakumtumia binti habari amehamia wapi.

Silinda ya zamani hakuwahi kuitupa wala kumwekea mteja. Ilikuwa kwenye kopo, kibandani, chini ya funguo zilizoharibika. Asubuhi iliyofuata alikwenda nayo bustanini, akaitia mafuta, akairudisha mahali pake. Mlango akauacha wazi kama mingine. Kisha akampigia dada yake mkubwa, shangazi wa binti, ambaye alijua siku zote binti alipo na hakuwahi kuulizwa.

"Dada, mwambie mlango wetu wa zamani uko bustanini, hadi mwisho wa mwezi ujao. Mwambie ufunguo wake unaufungua."

"Na kingine nimwambie nini?"

Alifikiri. "Hicho tu."

"We naye," dada akasema. "Miaka minane, halafu unatuma habari za kitasa. Haya, nitamwambia."

Kila Jumapili Mzee Kitasa alikwenda kukaa kwenye benchi la mkabala. Watoto walikimbizana kutoka mlango hadi mlango. Bwana mmoja alibisha hodi kwenye ule wa kijani, akajijibu "karibu," mkewe akacheka hadi akajishika mbavu. Kila mwanamke wa umri wa binti yake aliyeukaribia, mzee alijikuta amenyanyuka kidogo, kisha akakaa tena. Jumapili sita zilikwisha hivyo.

Malori yalirudi siku ya Jumatatu. Alikuwa amesimama kando akitazama mlango ukilazwa juu ya mingine, simu ikalia, namba asiyoijua. Akadhani ni mteja.

"Baba."

Aliondoka pale penye kelele za malori.

"Shangazi aliniambia," binti alisema. "Sikuja."

"Ni mbali?"

"Si mbali. Ule ufunguo niliutupa siku ileile, baba. Mtaroni, hapo nje."

"Ulikuwa na haki."

"Sijui kama nilikuwa na haki. Nilikuwa na hasira, kama wewe."

Alitaka kumuuliza kuhusu mpiga gitaa, na kuhusu mtoto, kama yupo. Akaogopa. Aliuliza kama anakula vizuri. Binti akasema ndiyo, akamuuliza kuhusu presha, akasema amefika kazini, lazima akate. Haikufika dakika tatu. Hawakuahidiana kitu.

Lori la kwanza lilikuwa limeshaondoka. Mzee Kitasa aliketi kwenye benchi, akafungua simu aihifadhi ile namba. Penye nafasi ya jina aliandika "Mwanangu," akalitazama, akalifuta, maana aliona bado hajaruhusiwa. Akaandika jina kamili la binti, la kwanza, la baba na la ukoo, kama anavyowaandika wateja, akabonyeza hifadhi. Kisha akarudi kibandani, ambako mtu alikuwa anamsubiri na kufuli lililokataa.