Jeti ya Petroli ya Miwa

Hadi leo tukiona gari likitoa moshi mweusi barabarani, wenzangu humlaani dereva. Mimi huwalaani watu wa maofisini wanaobadilisha mambo bila kumwambia mtu, kisha najilaani mwenyewe.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa na pikapu kuukuu niliyosambazia mkate kwenye vioski vya mitaa ya Jericho, Makadara na Kaloleni. Watoto wangu walikula na kusoma kwa pikapu ile. Siku hizo petroli yetu ilichanganywa na spiriti iliyotengenezwa kwa molasi ya miwa. Ilikuwa amri ya serikali, hukuulizwa kama unaitaka. Ukifungua tangi ulipokewa na harufu kama ya chang'aa, ile pombe kali ya magendo, na asubuhi moja askari wa trafiki alininusa mikono akaniuliza nimelala kwa mpika pombe gani wa Mathare. Mimi nisiyeonja hata busaa ya harusi!

Pikapu nayo haikuipenda. Ilikohoa, ikazimika katikati ya barabara huku mkate ukipoa. Aliyeiponya ni fundi mmoja tuliyepanga naye ploti moja, mtu wa magharibi, kwao ni miwa mpaka mlangoni. Kaka yake alifanya kazi katika kiwanda cha spiriti hiyo, na fundi aliisifu kana kwamba ameipika yeye. Alifungua kabureta, akatoa jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, akaweka nyingine aliyoipanua tundu.

"Hii ya miwa inataka mdomo mkubwa, mzee," aliniambia.

Kweli, pikapu ikakimbia vizuri. Miaka ikapita, mimi nikasahau kabisa habari ya jeti.

Halafu ghafla ikaanza kutoa moshi mweusi. Si moshi wa kujificha: akina mama wa vioski walifunika mkate kwa kanga wakiniona nafika. Na wakati huohuo ukaguzi wa magari ya biashara ulikuwa umekaza, hewa ya mji inachafuliwa, walisema. Mkaguzi alizunguka pikapu mara moja tu.

"Mzee, hii gari inatoa moshi kama jiko ya makaa. Hapa sikupi stika ya ukaguzi."

Bila stika mkate haubebwi. Mwenye bekari alinipa wiki mbili, akasema baada ya hapo njia yangu itapewa mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani nikiwaka. Fundi alikuwa amesimama mlangoni pangu, sura imemwanguka, mkono mmoja mfukoni. Akaanza, "Mzee, kaka yangu amerudishwa nyumbani. Kiwanda kimesimama, sasa petroli—"

Sikumwacha amalize. Nilimwambia shida za kaka yake si zangu, kwamba yeye ndiye aliyeniharibia injini, kwamba ni fundi wa mikebe. Nilisema hayo mbele ya ploti nzima, wanawake wakichota maji kwenye mfereji. Aligeuka akaondoka, mkono ukiwa bado mfukoni. Mwisho wa mwezi alihama.

Nikaita fundi mwingine. Akabadilisha ringi za pistoni, akasafisha hiki na kile, moshi ukabaki palepale. Nikarudi kwa mkaguzi, nikakataliwa tena. Wiki mbili zikaisha, njia ya mkate ikaenda kwa mtu mwingine, na pikapu nikamuuzia mchuuzi wa vyuma vikuukuu wa soko la Gikomba, ambaye aliikata vipande.

Ukweli niliusikia kwa mhudumu wa kituo cha mafuta nilipokwenda na kopo kununua mafuta ya taa. Nilikuwa namlalamikia habari ya ule moshi. Akacheka. "Kwani hukujua? Waliacha kuchanganya. Siku hizi ni petroli tupu." Tundu lililotoboliwa kwa ajili ya spiriti lilikuwa linaimwagia injini petroli nyingi kuliko ilivyoweza kuchoma. Serikali ileile iliyonilazimisha kuchoma miwa iliacha kimyakimya, kisha ikaninyima stika kwa moshi uliotokana na amri yake. Kisha nikamkumbuka fundi na ile sentensi niliyomkatiza.

Nilimtafuta nikampata katika mtaa wa Njiru, amefungua gereji ya mabati kando ya barabara ya Kangundo. Nilimwomba msamaha bila kuzungukazunguka. Aliingia ndani, akatoka na kasha la kiberiti la zamani, akalisukuma likafunguka kwa kidole gumba. Ndani, ikiwa imefungwa kwa kipande cha gazeti, ilikuwamo jeti yangu ya kwanza, yenye tundu dogo.

"Ya mtu huwa situpi," alisema. "Siku ile nilikuja kukuwekea hii. Ilikuwa mfukoni. Ni kazi ya dakika kumi, mzee."

Akaiweka kwenye kiganja changu, akarudi chini ya gari la mteja. Nilibaki nimesimama pale na jeti mkononi, sina gari la kuitia.