Hukumu Iliyofutwa

Cordell Pettway alikuwa anaomba atambuliwe kuwa aliwahi kuwa mhalifu, na karani hakuwa na pa kumtambulia.

"Mzee wangu, nimetafuta mara tatu," alisema binti wa nyuma ya kioo. "Kwenye kompyuta huna kesi. Huna hata faini."

"Nimekaa jela miezi kumi na minane, binti! Kwa bangi isiyojaza soksi!"

"Nakuamini. Lakini mimi nataka karatasi, na dirisha nalifunga saa kumi na moja. Baada ya leo, basi tena."

Ilikuwa saa tisa na robo. Jimbo lilikuwa limehalalisha bangi, na leseni chache za maduka ya kuiuza zilitengwa kwa watu walioumizwa na sheria ya zamani. Cordell, aliyeumizwa hasa, alikuwa na kila kitu: chumba karibu na kinyozi pale Chicago magharibi, mipango, hata rangi ya mlango. Alichokosa ni ushahidi wa hukumu yake. Miaka mitatu nyuma mawakili wa kujitolea walikuja kanisani kufutia watu rekodi za makosa bure, naye akawa wa kwanza kwenye foleni. Jioni ile walikula keki. Sasa keki ile ilikuwa inamtokea puani.

"Miaka ishirini kila mwajiri aliijua kesi yangu," alisema. "Leo naihitaji mimi, hakuna anayeikumbuka!"

Binti alimwonea huruma. "Huna barua nyingine ya serikali inayoitaja? Hata ya nyumba?"

Cordell akakumbuka. Ilikuwepo moja, na ilikuwa kwa dada yake Vernita.

Ilikuwa barua ya kumtoa Bibi Odessa, aliyewalea wote wawili, katika nyumba ya serikali kwa sababu mjukuu wake amekutwa na bangi. Bibi alifia kwenye kochi la Vernita, Cordell akiwa bado ndani. Tangu hapo Vernita alimsalimia kwenye misiba tu, na hata huko kwa kulazimishwa.

Alimkuta jikoni anaosha mboga. Hakumkaribisha kiti.

"Dada, naomba ile barua."

"Barua gani?"

"Unaijua."

"Itaje kwa mdomo wako, Cordell."

"Barua iliyomfukuza bibi."

"Enhe! Bibi katupwa nje kwa bangi yako, sasa unataka ukatajirikie hapo hapo. Huna haya wewe?"

"Haya ninayo. Lakini nisipoifikisha kabla ya saa kumi na moja, leseni wanakwenda nayo wenye suti, ambao mtoto wao hajalala ndani hata siku moja. Afadhali wao?"

Vernita alifunga bomba. Aliingia chumbani, akakaa humo mpaka Cordell akaanza kuhesabu dakika, kisha akatoka amevaa koti, bahasha ameibana kwapani.

"Haitoki mkononi mwangu. Washa gari."

Theluji ilikuwa imeziba nusu ya barabara, na kila taa ilikuwa nyekundu, wallahi kila taa. Walifika dirishani zikiwa zimebaki dakika saba.

Binti alisoma haraka, kisha akakunja uso. "Jina lipo, kosa lipo. Ila hii haijakamilika. Mkazi alitakiwa atie sahihi hapa chini, hakutia. Kaandika maneno mengine."

Cordell alishika ukingo wa meza. Alijiona ameshapoteza.

"Yasome," Vernita alimwambia binti. "Kwa sauti. Huyu hajawahi kuyasikia."

Binti alimtazama, akasoma. "'Mkazi ataruhusiwa kubaki katika nyumba endapo atatia sahihi kwamba Cordell Pettway hatakanyaga tena hapa maisha yake yote.' Halafu kwa mkono: 'Akitoka, atakwenda wapi?'"

Cordell alikuwa ameamini siku zote kwamba bibi hakupewa nafasi ya kuchagua. Binti hakuuliza tena habari ya sahihi. Aligonga muhuri, akaandika saa, akapitisha nakala chini ya kioo.

Nakala ilibaki pale pale mezani. Cordell alikuwa amemgeukia dada yake.

"Miaka ishirini na sita, Vernita. Hukuniambia."

"Nikuambie ili ujue alivyokupenda? Nilitaka uumie. Mimi ndiye niliyempigia magoti aisaini, Cordell. Mimi ndiye niliyempa kalamu."