Wili ya Ndugu Yangu

Ndugu yangu aliruka kuta na ngazi kwa baiskeli tangu ujana wake, kisha akafa kitandani kwa nimonia, amefunikwa blanketi mbili. Watu waliokuja matangani walikuwa wamejiandaa kusema kwamba walimwonya. Walikunywa chai, wakarudi nalo neno lao nyumbani.

Kikundi chake cha baiskeli hapa mtaani Free Area kina desturi. Mwenzao akifa, mwaka ukiisha, ndugu yake wa damu huipanda baiskeli yake hadi kaburini na kupiga wili, yaani kuinua gurudumu la mbele, hata kama ni mara moja tu. Baada ya hapo baiskeli hupewa mwanachama mwingine aendelee nayo. Ikifika ikisukumwa kwa mkono, au wili ikishindikana, inarudishwa nyumbani na kuning'inizwa ukutani, basi. Aliyetunga sheria hiyo ni ndugu yangu mwenyewe. Nadhani hakukumbuka kwamba ndugu wa damu aliyebaki ni mimi, mshonaji wa sare za shule, niliyepita hamsini, mwenye goti linalojua mvua kabla ya redio.

Sikutaka ining'inizwe. Koti lake limening'inia, kofia yake imening'inia, na picha yake pia. Ukuta wangu umetosha.

Rafiki yake mkubwa, fundi wa baiskeli mwenye sauti ya mnadani, alikubali kunifundisha. Tulitumia uwanja wa kanisa letu kwa sababu ni tambarare, na mimi ndiye ninayeshona mavazi ya kwaya, kwa hivyo ufunguo wa geti ninao. Nilivaa suruali ya michezo ya marehemu, na juu yake sketi, ili nisimkosee Mungu.

"Mathe, kwanza ujue kusimama," akaniambia. Mathe ni mama, kwa lugha yao ya vijana.

"Kusimama najua."

"Juu ya baiskeli! Bila kwenda, bila kugusa chini."

Nilianguka upande wa kushoto. Nikajaribu tena, nikaanguka upande huohuo. Fundi alinisifu kwamba angalau nina msimamo.

Kusimama kulipokubali kidogo, tukaingia kwenye wili yenyewe. Gia iwe nyepesi, mwili uegemee nyuma, pedeli ikanyagwe ghafla, kidole kikae kwenye breki ya nyuma ili usibinuke. Mimi nilikuwa navuta usukani kwa mikono kama mtu anayeng'oa kisiki.

"Wacha kuvuta! Kaa nyuma kama uko kwa sofa!"

"Sofa yangu haiendi."

"Ndiyo maana hujafika mahali, mathe."

Akina mama wa kanisa walianza kupita pale getini. Mmoja, jirani yangu, hakuvumilia. "Mama, hii ni huzuni ama ni kichwa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Jioni wakaja kwangu watatu na Biblia, wakaniombea roho ya utulivu. Nilisema amina na kuwapa chai, huku nimekalia mto kwa sababu ya kule kuanguka.

Siku ya kumbukumbu ilipofika, sikuwa nimewahi kuinua gurudumu lile hata sentimita moja. Fundi alijua. Alichosema tu ni, "Leo litainuka, ama tuning'inize."

Kaburi liko kwenye shamba la familia huko Rongai, nyuma ya mahindi. Kikundi kizima kilijipanga njiani na baiskeli zao, jamaa wakasimama kando ya kaburi, na fundi akatoa simu ili anirekodi. Nilianzia kwenye geti la shamba. Njia ile ina mashimo, na nilikuja nikiyumba huku na huku. Mchungaji alikuwa ametakiwa kuomba baada ya wili. Aliponiona ninavyokuja, nafikiri alijiona akizika wawili shamba moja.

"Tufumbe macho tuombe!" akapaza sauti.

Na kwetu mtu akisema hivyo, macho yanafumba yenyewe. Walifumba jamaa zangu, wakafumba vijana wa baiskeli wote na kofia zao mikononi, na fundi naye akashusha simu akainamisha kichwa. Mimi sikuweza kufumba, nilikuwa barabarani. Nikakaa nyuma kama niko kwa sofa, nikakanyaga. Gurudumu likainuka. Liliinuka kama kimo cha sufuria ya ugali, likazunguka peke yake hewani, likashuka.

"Amina," wakasema wote.

"Sasa, mathe, piga," fundi akasema, akiinua simu.

"Nimeshapiga."

Waliinama kutafuta alama kwenye vumbi, lakini gurudumu la nyuma lilikuwa limepita palepale na kufuta kila kitu. Kijana mmoja akasema nirudie. Goti likakataa, nami nikawaambia hivyo. Fundi akashika usukani, akamkabidhi yule kijana baiskeli.

"Huyu mama hata akianguka husema ameanguka vipi," akawaambia. "Imeinuka."

Baiskeli iliondoka na mwenyewe mpya. Ndugu yangu hakuwahi kufumba macho wakati wa maombi. Mama yetu alimfinya kwa sababu hiyo mpaka akawa mtu wa ndevu. Sisemi kwamba aliniona. Nasema tu kufumba macho hakukuwa tabia yake.