Mulango wa Vitshumbi

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa hata mashini moja ya kompyuta. Chef de service, mukubwa wetu wa kazi, mutu wa Bukavu aliyefunga tai hata siku ya mvua, alinipa karatasi, akaniambia niandike majina ya wote wanaoruhusiwa kuingia nyumbani kwetu. Nikaandika.

"Na mwizi umemuandika wapi?" akauliza.

Nikamujibu kwamba mwizi haandikwi.

"Basi umeelewa pare-feu, ukuta wa kulinda mashini. Andika watu wako, halafu mustari wa mwisho ufunge wote wenye kubaki."

Ninyi vijana wa leo mnabofya tu. Sisi tuliandika kanuni za iptables, pare-feu ya Linux, kwa mkono, mustari kwa mustari. Linux inazisoma toka juu kushuka chini, na ya kwanza inayolingana ndiyo inaamua. Ukiweka marufuku juu ya ruhusa, ruhusa haitasomwa hata ukiililia. Na kuna namna mbili za kumzuia mutu. REJECT inamjibu kwamba amekataliwa. DROP inanyamaza, naye anabaki kungoja mpaka achoke. Chef alipenda DROP. "Mwizi ukimujibu, anajua kuna mutu ndani," alisema. Nami nikaipenda. Miaka yote ile niliwanyamazia watu nisiowajua, na nililala vizuri.

Shirika letu lilitunza mashini za vituo vya afya, na moja ilikuwa Vitshumbi, kijiji cha wavuvi. Niliiongoza toka Goma kupitia port vingt-deux, mulango wetu sisi mafundi. Asubuhi moja, kwa kiburi tu, nikaamuru ifunge wote kabla sijajiruhusu mimi mwenyewe. Ukurasa ukaganda. Nilikuwa nimejifungia inje, barabara ya kule haikupitika kwa sababu ya vita, na kituo kiliagiza dawa kwa mashini ile ile.

Aliyekuwepo ni Papa Paluku, mutunza depo ya dawa. Hakuwa amegusa clavier, vibonye vya kuandikia, maisha yake yote. Nikamupigia simu.

"Muzee, mimi najua kuhesabu makartoni tu."

"Leo utahesabu herufi, Papa. Andika polepole. I. P. T."

"Hii T iko wapi?"

"Mustari wa juu, katikati."

"Ngoja nivae miwani."

Amri moja ilituchukua saa nzima. Mulango ulipofunguka akacheka, nami nikacheka peke yangu mule bureau. Toka siku ile akaipenda mashini. Akaniomba nimuonyeshe mahali pa kuandika maneno yanayomtokea kila anayeingia, akaandika: "Karibu Papa Goma. Huku tuko."

Mama watoto alipofariki, watoto walikuwa wameshaenda mbali. Nikawa naamka, nachemsha chai ya kikombe kimoja, naingia Vitshumbi toka nyumbani kwangu Katoyi. Hakuna kazi iliyoniita. Nilienda kusoma ule mustari. Sioni haya kusema: upweke ulinila, na ile ndiyo salamu pekee iliyokuwa inanifikia. Hata Papa Paluku alipokimbia vita na simu yake ikaacha kuita, mashini iliendelea kunikaribisha.

Wiki ya mwisho kabla ya pensheni, Directrice, mama mkurugenzi wa shirika, aliniita.

"Muzee, ondoa ruhusa zako zote mbele ya kurudisha funguo. Nakuamini, sitaangalia."

Hata angeangalia, hakujua kuzisoma. Ningeacha mustari mmoja wa Katoyi na hakuna mutu angeujua. Nilikaa mbele ya ule mustari mpaka wenzangu wakaenda kula wakarudi. Lakini mimi ndiye niliyewafundisha kwamba ruhusa isiyo na kazi ni tundu. Siku moja mutu angepitia kwangu akafika kwenye mafishi yenye siri za wagonjwa. Nikasoma salamu ya Papa Paluku mara ya mwisho, nikaufuta ule mustari wa Katoyi.

Halafu, juu ya mustari wa mwisho, nikaweka mmoja mupya wa nyumba yangu: REJECT. Nikaenda kumwambia Directrice, maana sikutaka siri.

"Huo mustari unafungua nini?" akauliza.

"Haufungui kitu, Mama. Unajibu tu."

"Sasa kazi yake ni nini?"

"Ni adabu."

Akachukua kalamu, akasaini karatasi ya funguo.

Watu huniuliza nafanya nini siku hizi. Nawaambia napumzika. Ukweli ni kwamba kila asubuhi, chai ikiwa bado ya moto, naandika anwani ya Vitshumbi na kungoja. Inajibu hapo hapo: Connexion refusée, yaani umekataliwa. Nasema asante kwa sauti, ingawa nyumbani hamuna mutu wa kunisikia. Nakunywa chai yangu nikijua kwamba kule mashini ingali inawaka, na maneno ya Papa Paluku yangali ndani, kwa yeyote anayeruhusiwa kuingia.